Kiongozi wa Ushirika Sharti Aulizike

Wananchi wengi wa Kibaha na Kisarawe wakisikia neno "uongozi" hufikiri habari za Serikali na za Chama: mbunge, diwani, mwenyekiti wa kijiji, katibu wa tawi. Hapana ubaya. Lakini uko uongozi mwingine unaogusa chungu cha mkulima kila mwaka, nao hauzungumzwi sana. Ni uongozi wa biashara ya watu wengi: chama cha ushirika cha msingi kinachopokea korosho, chama cha akiba na mikopo, kikundi cha akina mama wafuga kuku, kikundi cha vijana wa bodaboda. Huko ndiko iliko fedha ya mnyonge. Huko ndiko mzazi anakopata ada ya mwanawe, au anakoikosa.

Juu ya uongozi huo tuna neno moja la kusema, nasi tunalisema wazi: kiongozi bora wa biashara ya watu ni yule anayeulizika. Maana yake, mwanachama wa mwisho kabisa, aliyeleta gunia moja tu, aweza kusimama mbele yake akauliza: kilo zangu zilikuwa ngapi? Ziliuzwa kwa bei gani? Makato yalikuwa yapi, na nani aliyaamua? Akajibiwa pale pale kwa hesabu, bila kukaripiwa wala kuambiwa arudi kesho.

Wako ndugu watakaosema kwamba hilo ni jambo dogo. Kwamba biashara yataka mtaji, magari, soko na watu wenye vyeti vikubwa. Vyote hivyo vyatakiwa. Lakini tumeona mtaji ukiliwa, magari yakiozea uani, na wenye vyeti wakihama usiku. Tukitazama yaliyotokea katika nchi yetu kwa miaka sabini na zaidi, twaona kwamba kila ushirika uliosimama ulisimama kwa sababu wanachama waliweza kuuliza, na kila ulioanguka ulianza kuanguka siku swali la mwanachama lilipohesabiwa kuwa ni utovu wa adabu.

MIZANI KWANZA

Tukumbuke habari za Usukuma. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mkulima wa pamba alipeleka mzigo wake kwa mnunuzi. Mnunuzi akaupima kwa mizani yake, akaisoma mwenyewe, akatamka uzito mwenyewe, na mkulima akapokea alichopewa. Alijua anapunjwa, lakini kujua bila kuweza kuthibitisha ni sawa na kutojua. Wakulima waliokuwa wakijipanga pamoja na Paul Bomani, kijana ambaye wakati ule hajatimiza miaka thelathini, hawakuanza kwa kudai kiwanda wala kwa kukopa magari. Walianza kwa kuweka wapimaji wao wenyewe penye mizani, ili uzito usomwe na macho ya pande mbili.

Jambo hilo dogo likazaa kubwa. Vyama vya msingi vikaota kijiji kwa kijiji, na mwaka 1955 vyama vikuu vya kanda ile vikaungana katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, ambalo lilikuja kuwa moja ya mashirika makubwa kabisa ya ushirika katika Afrika. Bomani mwenyewe akawa Waziri wa Fedha wa nchi huru. Safari yake ya uongozi ilianzia penye mizani, na imani waliyompa wakulima ilianzia papo hapo.

Wala jambo hili halikuanza kwetu. Watu 28 wa mji wa Rochdale, Uingereza, wengi wao wafumaji maskini, walifungua duka lao la ushirika mwaka 1844. Wakati ule wenye maduka wengi walipunja vipimo na kuchanganya unga na takataka. Wale watu wakaweka desturi ya kipimo kamili, bidhaa safi, na kura moja kwa kila mwanachama, awe na hisa nyingi au chache. Vyama vya ushirika ulimwenguni hata leo hufuata kanuni zilizotokana na duka lile.

Sasa turudi Kisarawe. Mkulima wa Maneromango au wa Mzenga aokota korosho zake, azianika, azipakia katika magunia, azipeleka chama cha msingi. Pale hupimwa mara ya kwanza. Kisha huchukuliwa kwa gari hadi ghala kuu, hupimwa tena na kupangwa madaraja, ndipo zinapouzwa kwa mnada. Huu ndio mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kwa korosho kule Mtwara msimu wa 2007/08 na kuenea mikoa mingine, ukiwemo wetu wa Pwani. Mnunuzi akilipa, makato huondolewa: ushuru wa halmashauri, wa chama, usafirishaji, ghala, ndipo fedha inayobaki inaingia katika akaunti ya mkulima benki.

Mfumo wenyewe si mbaya. Umemtoa mkulima katika mikono ya mnunuzi mmoja mmoja aliyekuja na bei yake mfukoni. Lakini tazameni jinsi njia ilivyo ndefu: mizani mbili, gari moja, ghala, mnada, benki, na makato manne au matano. Kila kituo ni mahali pa kupotelea kilo au shilingi. Bila kiongozi anayeweza kuieleza njia hiyo tangu mwanzo hadi mwisho, mkulima huona giza tupu kati ya gunia lake na fedha yake.

Tufanye hesabu kidogo, maana sisi tuliopita chuo cha ualimu hatuwezi kuacha ubao. Tuseme chama kina wanachama 200, na kila mmoja ameleta magunia 10. Tuseme tena kwamba mizani, kwa bahati mbaya au kwa kusudi, yapunguza kilo moja tu katika kila gunia. Hizo ni kilo 2,000. Kama bei ni shilingi 3,000 kwa kilo, basi shilingi 6,000,000 zimetoweka kwa msimu mmoja, na hapana mwanachama aliyehisi kupoteza zaidi ya kilo kumi. Wizi wa kijijini hauvunji mlango. Huchukua kilo moja moja. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Walisahau kutuambia kibaba ni cha nani.

Kwa hivi kiongozi wa chama cha msingi sharti aijue mizani kama dereva anavyoijua breki. Ajue imekaguliwa lini na wakala wa vipimo. Aipime mbele ya watu kila asubuhi kwa jiwe la uzito unaojulikana. Apeleke mwakilishi wa wanachama afuatane na gari hadi ghala kuu, asome kipimo cha pili, arudi na karatasi. Tofauti ikitokea kwa sababu ya unyaufu, aeleze ni kiasi gani na kwa nini. Haya hayahitaji shahada. Yahitaji mtu asiyeogopa kutazamwa.

MAMBO YALIYOTUPATA

Vijana wenzetu wengi hawakufundishwa habari za ushirika wa nchi hii, na kwa hivi hudhani taabu za leo zimeanza jana. Sheria ya kwanza ya vyama vya ushirika katika Tanganyika ilitungwa mwaka 1932, na wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro wakaandikisha chama chao kikuu, KNCU, mwaka 1933. Baada ya Uhuru vyama vilihimizwa kila mkoa, hata kule ambako wananchi hawakuwa wameomba, na idadi yake ikakaribia kuwa maradufu kati ya mwaka 1961 na 1966.

Kukua kwa haraka kukaleta ugonjwa. Mwaka 1966 Kamati Maalum ya Rais ilichunguza ushirika na bodi za mazao, ikakuta mambo ambayo mtu akiyasoma leo ataapa yameandikwa wiki iliyopita: wanachama hawakuelewa chama chao kinavyoendeshwa wala haki zao ndani yake, watu wenye ujuzi wa kazi walikuwa haba, katika vyama vikuu sauti ya mkulima haikufika, na wanasiasa walijiingiza mno katika shughuli za biashara.

Ona basi. Kati ya magonjwa hayo, la kwanza ni mwanachama asiyeweza kuuliza kwa kuwa hajui. Na la mwisho ni mwanasiasa asiyeulizwa kwa kuwa ni mkubwa. Dawa ilijulikana: kufundisha chini na kuweka mipaka juu. Kiasi fulani dawa hiyo ilitolewa. Chuo cha Ushirika Moshi kilikuwa kimekwisha anzishwa mwaka 1963, nacho mwaka 2014 kimekuwa Chuo Kikuu. Lakini dawa hiyo haikuachwa ifanye kazi. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na kazi ya kununua mazao ikawekwa mikononi mwa mamlaka za mazao. Mwaka huo huo ilikuja Operesheni Maduka, ambapo maduka ya watu binafsi vijijini yalifungwa ili mahali pake pachukuliwe na maduka ya ushirika wa kijiji. Duka lilikuja kabla ya mtunza duka, na daftari lilikuja kabla ya mtu wa kuliandika. Mengi hayakudumu.

Korosho nazo zilipata pigo. Msimu wa 1973/74 nchi yetu ilivuna kiasi cha tani 145,000. Kufika msimu wa 1986/87 zilikuwa hazifiki tani 20,000. Hatusemi kwamba kuvunjwa kwa ushirika ndiyo sababu pekee, wala si haki kusema hivyo. Watu walihamishwa vijijini wakaiacha mikorosho yao mbali. Ugonjwa wa ubwiri unga ukashambulia maua. Bei aliyolipwa mkulima ikawa haimpi moyo wa kupalilia. Lakini katika miaka hiyo yote mkulima hakuwa na mtu wake wa kumwuliza. Bei ilishuka kutoka juu kama mvua, na fedha ilichelewa bila maelezo. Mtu asiyeweza kuuliza hujibu kwa njia yake: huacha kupalilia, hukata mkorosho akachoma mkaa. Sheria mpya ya mwaka 1982 ilipovirudisha vyama, ilivirudishia majengo na majina. Imani haikurudi kwa sheria.

Hata karibuni tumeliona somo hilo hilo. Msimu wa 2018/19 wakulima wa kusini walikataa bei ya wanunuzi, na Serikali ikaamua mwezi Novemba 2018 kuzinunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Ulikuja uhakiki mrefu wa kujua nani ni mkulima wa kweli na nani amekusanya kwa kangomba, yaani kwa kununua kwa bakuli toka kwa wenye shida kabla ya msimu. Wakulima wengine walingoja fedha yao muda mrefu. Sisi twaona hivi: ambapo daftari la chama lina jina la kila mkulima, idadi ya mikorosho yake na kilo zake za miaka mitatu iliyopita, uhakiki ni kazi ya siku chache. Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii kila mtoto wa Pwani anaijua, lakini wangapi kati ya viongozi wetu wanaiishi?

UKUTA KATIKATI

Jambo la pili kwa kiongozi wa biashara ya watu ni kutokuwa pande mbili za mizani. Katika Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwekwa sharti kwamba kiongozi asiwe na hisa katika kampuni ya kibepari, asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Masharti hayo yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991, na leo kiongozi kufanya biashara yake si kosa. Hatuandiki hapa kuyafufua. Twasema tu kwamba ikiwa ukuta ule mkubwa umeondolewa, basi ukuta mdogo wa kijijini sharti uwe imara zaidi.

Ukuta huo ni huu: mjumbe wa bodi ya chama cha korosho asiwe mwenye kangomba, wala mkewe, wala mdogo wake. Asiwe mwenye gari linalokodiwa na chama. Asiwe mkopeshaji anayewakopesha wanachama mwezi wa sita ili awalipe mwezi wa kumi na moja kwa korosho. Kama analo jambo la namna hiyo, alitamke mkutanoni kabla ya kura, liandikwe, watu waamue wakijua. Kikulacho ki nguoni mwako. Mwenye kangomba wa nje twamjua kwa sura na pikipiki yake. Wa ndani hukaa meza ya mbele na kufungua mkutano kwa sala.

Na tusiwalaumu mno wanaouza kwa kangomba. Mama ambaye mtoto anaugua mwezi wa nane hauzi kwa bakuli kwa kuwa ni mjinga. Auza kwa kuwa bakuli lina fedha leo, na chama kina fedha ya siku isiyojulikana. Kiongozi hodari hushindana na kangomba kwa biashara wala si kwa mgambo tu. Huanzisha akiba na mkopo mdogo ndani ya chama. Huwatangazia wanachama tarehe ya mnada na siku ya malipo, na siku ikipita hutangaza kwa nini imepita. Tarehe inayojulikana ni mkopo wa imani. Mtu huweza kuivumilia njaa yenye tarehe.

KUAMUA KWA WAKATI

Hapa twasikia sauti ya ndugu mmoja: "Mnataka kiongozi aulizwe kila jambo; je, biashara itakwenda saa ngapi? Mnada haungoji mkutano mkuu." Hoja hii ni nzito na yafaa ijibiwe.

Kuulizika hakuna maana ya kutoamua. Kiongozi asiyeamua ni hasara kama mwizi, na pengine ni hasara zaidi, maana mwizi huchukua sehemu. Salfa yapasa kupulizwa wakati mkorosho unachipua na kutoa maua, katikati ya mwaka. Ikifika maua yamekwisha haribika, imefika bure. Magunia yatakiwa yawepo kabla korosho ya kwanza haijaanguka. Gari litafutwe kabla vuli haijaharibu njia za Kurui na Chole, maana korosho ikilowa daraja hushuka, na daraja likishuka bei huifuata. Mambo haya hayangoji hotuba. Kiongozi sharti aamue, aamue mapema, na aamue kwa jina lake.

Tofauti ni hii. Mkutano wa wanachama huweka mipaka kabla ya msimu: tutatumia kiasi gani kwa usafiri, nani ataweka sahihi hundi, kilo moja itakatwa shilingi ngapi. Ndani ya mipaka hiyo bodi na meneja hutenda bila kusukumwa. Msimu ukiisha wanarudi mbele ya wale wale na hesabu. Kuuliza huwa mwanzoni na mwishoni. Katikati ni kazi. Nahodha wa jahazi haitishi baraza kila upepo unapogeuka, lakini akifika pwani huulizwa habari ya shehena. Mwenye kuchanganya mambo haya mawili ama atakuwa mwoga asiyetenda, ama dikteta asiyeulizwa, na vyama vyetu vimewaonja wote wawili.

KUFUNDISHA HESABU

Kibaha ni mji wa masomo. Mwaka 1963 Tanganyika ilikubaliana na nchi za Nordiki kujenga pale shule ya sekondari, kituo cha afya na chuo cha kuwafundisha wakulima. Na mwaka 1970 kazi yote ikakabidhiwa kwa taifa, ndipo likazaliwa Shirika la Elimu Kibaha. Waliobuni mpango ule walijua kwamba shule, dawa na jembe ni ndugu watatu. Mmoja akibaki nyuma wawili hawafiki. Na hapo hapo Kibaha, sehemu ya Kwa Mfipa, ilifunguliwa mwezi Februari 2022 Shule ya Uongozi ya Mwalimu Julius Nyerere, inayoshirikiwa na vyama sita vilivyoongoza ukombozi wa kusini mwa Afrika. Makada wa nchi sita waja Kibaha kujifunza uongozi. Hilo ni jambo la kujivunia.

Lakini twauliza: kutoka lango la shule ile hadi chama cha msingi cha Kisarawe si mbali, je, katibu wa chama hicho amepata mafunzo gani? Nani amemfundisha kusoma mizania ya hesabu, kutofautisha fedha ya chama na fedha ya wanachama inayopita tu katika chama, kujua kwamba mkopo si faida? Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 iliunda Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Lipo shirika la ukaguzi, COASCO. Upo hata mfumo wa kompyuta wa kuandika habari za vyama. Vyombo ni vingi. Tena tarehe 28 Aprili 2025 Benki ya Ushirika ilizinduliwa Dodoma, wanaushirika wenyewe wakiwa na hisa. Na kule Kwala, wilaya ya Kibaha, bandari kavu na eneo la viwanda vilizinduliwa tarehe 31 Julai 2025. Fedha na reli vinasogea karibu na mlango wetu. Kama wenye kuongoza biashara za wananchi hawajui hesabu, vitu hivi vitatupita kama treni inavyompita mtu aliyekaa kituoni bila tikiti.

Mambo ya vikundi nayo yatutie adabu. Halmashauri zetu hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kuvikopesha vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mwaka 2023 mikopo hiyo ilisimamishwa kwa kuwa sehemu kubwa haikurejeshwa na usimamizi ulikuwa mbovu. Ikarejeshwa mwaka 2024 kwa taratibu mpya. Ni nani aliyeumia mwaka ule mzima? Ni mama wa Mlandizi aliyetaka kuongeza vifaranga, naye hakukopa wala hakudhulumu mtu. Kiongozi mmoja wa kikundi akila mkopo, halipi yeye. Hulipa jirani yake asiyemjua.

Mafunzo tunayoyataka si semina ya hotelini yenye posho na picha. Twataka mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi, mchana wa Jumamosi, chini ya mwembe, aandike ubaoni hesabu ya chama cha hapo hapo: kilo zilizoingia, kilo zilizotoka, bei, makato, kilichobaki. Wanachama waikokotoe wenyewe. Asiyejua kusoma asomewe na mjukuu wake. Tukifanya hivyo misimu miwili tu, hapana katibu atakayethubutu kuleta hesabu za kubabaisha, maana atakuwa anasimama mbele ya watu 200 wanaojua jibu.

Na kiongozi mwenyewe apime uongozi wake kwa jambo hili: kama akiugua wiki mbili katika kilele cha msimu, yuko nani wa kushika funguo na daftari? Kama hayupo, basi hajaongoza, amejimilikisha. Amfundishe kijana mmoja na mama mmoja kila mwaka. Wanawake ndio waokotao korosho nyingi, lakini katika meza ya bodi huonekana mmoja, naye aghalabu hupewa kazi ya kugawa chai. Hilo ni kuacha akili nusu ya kijiji nje ya biashara.

NENO KWA WANACHAMA, NA KWETU SISI

Lawama yote si ya viongozi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mwanachama anayekuja mkutanoni kupiga makofi kisha akanung'unika kilabuni ni mwalimu mbaya wa kiongozi wake. Haki ya kuuliza ina wajibu wake: kuhudhuria, kukaa hadi hesabu zisomwe, kuuliza kwa adabu, na kuleta korosho kavu zisizo na mawe. Mkulima anayetia mawe katika gunia hana uso wa kulalamikia mizani.

Na sasa tujisemee sisi wenyewe wa Chama, maana gazeti lisilowaambia wenye nalo ukweli ni karatasi ya kufungia vitumbua. Tuache tabia ya kuwapa watu uongozi wa ushirika kama shukrani ya kampeni. Kujua kuimba mkutanoni ni kipaji kizuri, lakini si ujuzi wa kuuza korosho. Kamati ile ya 1966 ilikwisha kutuonya. Kazi ya kada katika ushirika ni mbili tu: kuhamasisha wananchi wajiunge na waulize, na kumlinda anayeuliza asionewe. Akitaka zaidi ya hapo, avue kofia ya Chama, alete gunia lake, aombe kura kama mwanachama mwingine.

Kwa hivi, ndugu wanachama wa Kibaha na Kisarawe, wakati wa kuchagua bodi ukifika, msiulize mgombea ana gari gani au anamjua nani mjini. Mwulizeni mambo matano. Je, waweza kutuonyesha namna mizani inavyokaguliwa? Je, unauza, unanunua au unakopesha korosho kwa jina lako au la jamaa yako? Je, utasoma hesabu mbele yetu kila baada ya mnada na kuibandika ukutani? Je, magunia na salfa vitakuwa hapa lini? Na je, nani utamfundisha kazi yako?

Atakayejibu matano hayo bila kukunja uso, mpeni kura, awe tajiri au maskini, mzee au kijana, mwanamume au mwanamke. Atakayekasirika amekwisha jibu.